Mnunuzi wa Kipaji Si Mlezi Wake

ZILIKUWA zimesalia dakika mbili na ushei mchezo umalizike, na Kanada ilikuwa ikiongoza kwa bao moja kwa nunge. Ilikuwa Mei 2025, mjini Herning, nchini Denmaki, katika robo fainali ya mashindano ya ubingwa wa dunia ya mpira wa magongo wa barafuni. Wakanada walikuwa na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, vigogo wawili ambao majina yao pekee hutosha kumtia mpinzani baridi. Ghafla Mdenmaki Nikolaj Ehlers akasawazisha. Kabla wageni hawajavuta pumzi, zikiwa zimebaki sekunde 49, Nick Olesen akapachika la pili. Mambo yakaishia hapo: Denmaki mawili, Kanada moja.

Denmaki ni nchi ya watu wapatao milioni sita, nayo haikuwa imewahi kufika nusu fainali ya mashindano hayo. Kanada ina watu wapatao milioni 40 na huuhesabu mchezo huu kuwa urithi wake. Si ajabu basi kwamba matokeo hayo yaliamsha upya mjadala wa siku nyingi. Je, vipaji vya nchi za Kaskazini ya Ulaya, yaani Uswidi, Ufini, Norwe na Denmaki, vyaweza kulinganishwa na timu za kulipwa za Marekani ya Kaskazini? Au nchi hizo ni kitalu tu cha miche, na shamba lenyewe liko ng'ambo ya Atlantiki?

Safu hii inaona kwamba swali hilo limeulizwa vibaya kwa muda mrefu. Inaona pia kwamba jibu lake lawahusu walimu na wanafunzi wetu, wakiwemo wale ambao hawajawahi kuona barafu isipokuwa ya kwenye jokofu au ile inayong'aa kwa mbali kileleni mwa Mlima Kenya.

Kwa manufaa ya msomaji asiyeujua mchezo huu, yafaa tueleze kwa ufupi. Kila upande huwa na wachezaji sita uwanjani, kipa akiwa mmoja wao. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma na kuteleza juu ya barafu, wakikipiga kwa magongo kisahani kigumu cha mpira ambacho huweza kwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Kugongana kwa miili kunaruhusiwa. Ni mchezo wa mbio, akili na mabavu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ugomvi wa mitindo ulipoanzia.

Ligi kuu ya kulipwa ya Marekani ya Kaskazini, iitwayo NHL, iliundwa mjini Montreal mwaka 1917. Leo ina timu 32. 25 ziko Marekani na saba ziko Kanada. Ni ligi ya aina ya pekee. Timu ikishika mkia haishushwi daraja. Kila mwaka timu hizo huketi pamoja na kugawana chipukizi kwa zamu, na wengi wa chipukizi hao huwa ndio kwanza wametimiza umri wa miaka 18. Tangu mwaka 2005 kuna kiwango cha juu cha mishahara ambacho timu yoyote haiwezi kukipita. Kwa maneno mengine, timu ya kulipwa ya huko ni biashara iliyopangwa vizuri, na kipaji ni bidhaa yake. Hatusemi hayo kwa kejeli. Soko hilo ndilo linalolipa vizuri zaidi duniani katika mchezo huo, na kila mchezaji aliye hodari hutamani kufika huko.

Lakini soko hilo halikuwatambua vijana wa Kaskazini ya Ulaya tangu mwanzo. Mchezaji wa kwanza aliyelelewa Uswidi kuingia NHL alikuwa Ulf Sterner, aliyeichezea New York Rangers mara nne tu mwaka 1965 kisha akarejea kwao. Wakati huo iliaminika kwamba Waswidi walijua kuteleza na kupasiana, ila hawakuwa na moyo wa kustahimili vishindo.

Mtu aliyeifuta imani hiyo ni Börje Salming. Alizaliwa mwaka 1951 huko Kiruna, mji wa machimbo ya chuma ulio kaskazini kabisa mwa Uswidi, ambako katika kina cha majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Baba yake alifariki katika ajali ya mgodini Börje akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1973 Salming na mwenzake Inge Hammarström walijiunga na Toronto Maple Leafs. Walipokewa kwa matusi. Waliitwa "Waswidi kuku", yaani waoga. Wapinzani waliwachoma kwa ncha za magongo na kuwatupia ngumi, wakitaka kuona kama watakimbilia kwao. Hammarström alidumu kwa miaka michache. Salming alibaki Toronto kwa misimu 16, akijitupa mbele ya mikwaju kuizuia kwa mwili wake, na akawa mmoja wa mabeki bora kabisa wa enzi yake.

Asiyekujua hakuthamini. Mwaka 1976 Uswidi ilipokuja Toronto kucheza katika mashindano ya Kombe la Kanada, jina la Salming lilipotangazwa mashabiki wa mji huo walisimama wote na kumpigia makofi kwa muda mrefu. Siku hiyo alikuwa amevaa jezi ya taifa lake, wala si ya klabu yao. Mwaka 1996 akawa Mswidi wa kwanza kuingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa mchezo huo. Novemba 2022, akiwa ameshikwa na maradhi ya mishipa ya fahamu yaliyomnyang'anya hata uwezo wa kusema, aliletwa tena Toronto kuagwa. Usiku mmoja wa ziara hiyo, klabu yake ya zamani iliwaanzisha uwanjani wachezaji sita, na wote sita walikuwa Waswidi. Salming alifariki mwezi huo huo.

Nyuma ya Salming njia ilikuwa wazi. Mwaka 1974 Anders Hedberg na Ulf Nilsson walitua Winnipeg katika ligi iliyoshindana na NHL wakati huo. Wakishirikiana na Mkanada Bobby Hull, walionyesha kuwa mashambulizi yanaweza kujengwa kwa kupishana na kubadilishana nafasi, badala ya kukurupuka moja kwa moja hadi langoni. Kati ya mwaka 1984 na 1990 Mfini Jari Kurri alitwaa Kombe la Stanley mara tano akiwa na Edmonton. Mwenzake Teemu Selänne alifunga mabao 76 katika msimu wake wa kwanza wa 1992-93, na hakuna mgeni mwingine wa ligi hiyo aliyewahi kufikia idadi hiyo. Mswidi Nicklas Lidström alishinda tuzo ya beki bora mara saba, na mwaka 2008 akawa nahodha wa kwanza aliyelelewa Ulaya kulinyanyua Kombe la Stanley. Mwaka 2018 bao lililoipa Washington kombe hilo lilifungwa na Mdenmaki, Lars Eller. Mwaka 2024 na tena mwaka 2025, nahodha aliyelinyanyua alikuwa Mfini, Aleksander Barkov wa Florida.

Wapo watakaosema kwamba orodha hiyo ya majina haithibitishi lolote, kwani wote hao walitukuka wakiwa ndani ya timu za Marekani ya Kaskazini. Hoja hiyo ina uzito na hatuna budi kuijibu kwa haki.

Ni kweli kwamba mataifa yanapoleta wachezaji wao bora wote bila kubakiza, Kanada ndiyo iliyotwaa dhahabu mara nyingi zaidi. Ni kweli pia kwamba uwanja mwembamba wa NHL, wenye upana wa mita 26 hivi badala ya 30 zilizozoeleka Ulaya, pamoja na ratiba yake ya mechi zaidi ya 80 kwa msimu, humnoa kijana kwa namna ambayo ligi za kwao haziwezi. Kurri bila Wayne Gretzky pembeni huenda asingekuwa yule Kurri tumjuaye. Chuma hunolewa kwa chuma.

Hata hivyo, tuangalie hesabu moja ambayo husahauliwa. NHL ilikubali kusimamisha ligi yake na kuwaachilia wachezaji wake katika mashindano matano mfululizo ya Olimpiki, kuanzia mwaka 1998 hadi 2014. Katika mashindano hayo matano zilitolewa medali 15. Kanada ilipata tatu, zote za dhahabu. Marekani ilipata mbili za fedha. Uswidi ilipata mbili, ikiwemo dhahabu ya mwaka 2006 mjini Turin. Ufini ilipata nne: fedha moja na shaba tatu. Ukijumlisha, Kaskazini ya Ulaya ilitwaa medali sita na Marekani ya Kaskazini tano. Sasa linganisha idadi ya watu. Uswidi na Ufini kwa pamoja hazifiki watu milioni 17. Marekani na Kanada kwa pamoja zina zaidi ya milioni 370.

Aidha, mwaka 2019 mjini Bratislava, Ufini iliishinda Kanada mabao matatu kwa moja katika fainali ya ubingwa wa dunia. Kikosi hicho cha Ufini kilikuwa na wachezaji wachache mno waliowahi kugusa barafu ya NHL, ilhali kile cha Kanada kilijaa watu wa ligi hiyo. Miaka mitatu baadaye Ufini ilitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing, ambako NHL haikuwaruhusu wachezaji wake kwenda. Kisha, mwaka huo huo, ikatwaa ubingwa wa dunia nyumbani Tampere kwa kuilaza Kanada manne kwa matatu katika muda wa ziada. Huo si muujiza wa usiku mmoja. Ni mavuno ya shamba lililolimwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Kulinganisha kipaji cha Uswidi au Ufini na timu ya kulipwa ya Marekani ni kulinganisha mlezi na mnunuzi. Timu ya Detroit au ya Colorado haikumfundisha Lidström au Peter Forsberg kuteleza akiwa na umri wa miaka mitano. Ilimpata akiwa amekwisha kuumbwa. Swali lenye manufaa ni hili: ni nani aliyemwumba, na kwa njia gani?

Mchukue mji wa Örnsköldsvik, ulio pwani ya kaskazini mwa Uswidi. Mji wenyewe una wakazi kama elfu 30 hivi, pungufu ya mitaa kadhaa ya Nairobi. Huko ndiko alikozaliwa Anders Hedberg, yule wa Winnipeg. Huko huko walizaliwa Forsberg na Markus Näslund, wote wawili mwaka 1973. Ndiko walikotoka mapacha Daniel na Henrik Sedin, ambao walikuwa wafungaji bora wa NHL kwa zamu, Henrik msimu wa 2009-10 na Daniel msimu uliofuata. Ndiko alikotoka pia Victor Hedman, beki aliyetwaa Kombe la Stanley mara mbili na Tampa Bay. Wote hao wamepitia klabu moja, Modo. Hakuna mji mkubwa wa Marekani wenye fedha zake zote unaoweza kuuonea mji huo fahari.

Siri ni nini? Kwanza, klabu ni ya watu wake. Katika michezo ya Uswidi kuna kanuni kwamba wanachama wa klabu sharti wawe na kura nyingi, hata pale wawekezaji wanapokaribishwa. Klabu haiwezi kuuzwa ikahamishwa mji kama zilivyohamishwa timu za NHL za Quebec mwaka 1995 na Winnipeg mwaka 1996. Kocha wa watoto mara nyingi ni mzazi anayejitolea jioni baada ya kazi. Mtoto hukua akijua kuwa uwanja ule ni wake, na mchezaji aliyetajirika ng'ambo hujua ni kizingiti gani cha kurudi kukishukuru.

Pili, shule na uwanja si maadui. Uswidi ina shule za upili zilizoidhinishwa ambamo mpira wa magongo umo ndani ya ratiba ya masomo, sambamba na hesabu na lugha. Ufini nayo ina shule za upili za michezo. Kijana asipofanikiwa kuwa mchezaji wa kulipwa, na wengi hawafanikiwi, hatoki mikono mitupu. Ana cheti chake. Hapo walimu wetu watatuelewa vizuri, kwani ni wangapi kati yetu waliowahi kumwona mwanafunzi mwenye kipaji akisukumwa achague kati ya daftari na uwanja, kana kwamba Mungu alimpa mtu kichwa au miguu lakini si vyote viwili?

Tatu, mtoto haharakishwi. Nchini Norwe shirikisho la michezo limeweka kanuni za michezo ya watoto zinazozuia orodha za matokeo na majedwali ya ushindi mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza umri wa miaka 11. Mashindano ya ubingwa wa taifa husubiri mpaka mwaka wa 13. Wenye kupenda vikombe huliona jambo hilo kuwa kichekesho. Lakini ni nani awezaye kumtambua bingwa katika mtoto wa miaka minane? Hata wasaka vipawa wa kulipwa hukosea kwa vijana wa miaka 18. Henrik Zetterberg wa Uswidi aliteuliwa akiwa wa 210 mwaka 1999, yaani karibu kusahauliwa kabisa. Mwaka 2008 ndiye aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa mechi za kuwania Kombe la Stanley. Lau kwao wangekuwa wamemtema akiwa na miaka kumi, Detroit ingemwokota wapi?

Wahenga walisema udongo uwahi uli maji. Wengi huitafsiri methali hiyo kuwa ni ruhusa ya kumkaza mtoto mapema. Mfinyanzi hodari anajua zaidi. Udongo ulio maji hufinyangwa taratibu kwa kiganja, wala hautiwi motoni siku ile ile.

Hatudai kwamba Kaskazini ya Ulaya ni peponi. Mchezo huu una gharama, na vifaa vyake vinazidi kupanda bei hata huko. Wapo vijana wanaovuka bahari wakiwa bado wabichi, wakazama katika timu za madaraja ya chini huko Marekani, na kurejea kwao wakiwa wamepoteza miaka yao mizuri. Klabu iliyomlea mchezaji hulipwa fidia ya kiwango kilichokubaliwa kati ya ligi na mashirikisho, wala si bei ambayo kipaji kile kingefikia sokoni. Mlezi hapati haki yake kamili, na hilo ni jambo ambalo mashirikisho ya Uswidi na Ufini yafaa yaendelee kulipigania bila haya. Wala si haki kuibeza Kanada, ambako wazazi wengi humwaga maji nyuma ya nyumba yakagande ili watoto wateleze, na ambako kujitolea ni jadi vile vile.

Kuna atakayesema, "Hizo ni nchi tajiri, sisi yatuhusu nini?" Jibu ni kwamba Marekani ni tajiri zaidi, lakini utajiri wake haukuiletea medali nne za Wafini. Isitoshe, mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 2005 uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa katika hoteli moja jijini Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunza kuteleza hapo hadi wakaunda kikosi kiitwacho Kenya Ice Lions. Hawakuwa na timu nyingine ya kupambana nayo humu nchini. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada na huko wakapata fursa ya kucheza upande mmoja na Crosby na MacKinnon, wale wale waliokuja kuduwazwa na Wadenmaki. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Ajabu ni kwamba timu ya taifa ya Ufini nayo huitwa Simba. Simba wa Tampere na simba wa Nairobi wametenganishwa na mengi, lakini wote walianza kwa mtoto mmoja aliyeanguka barafuni na mtu mzima mmoja aliyemnyoshea mkono ainuke.

Kwa hivyo, mwalimu atakapoingia darasani kesho na kukutana na mwanafunzi mwenye kipaji, kiwe cha mbio, cha kabumbu, cha kuimba au cha hesabu, asijiulize kwanza ni nani atakayekinunua. Ajiulize kinahitaji nini ili kikue: muda, masomo, mahali pa kukosea bila kuaibishwa, na jamii inayokihesabu kuwa chake. Wanunuzi hawakosekani. Wakija, na waje. Kazi ya kulea haiwezi kuachiwa wao, kwa sababu hawajawahi kuifanya.

Mcheza kwao hutunzwa, wasemavyo wazee. Mwaka 1976 mjini Toronto, Börje Salming aliifumbua methali hiyo kwa namna mpya. Alisimama maelfu ya kilomita kutoka Kiruna, akiwa amevaa rangi za kwao, na wageni wakamtunza kwa makofi. Aliweza kutunzwa ugenini kwa sababu kwanza alikuwa na kwao.